Kopo la Milimita

Ukitoka Mbugangari, hapa Gisenyi, kuelekea mpaka mdogo wa Goma, kabla hujafika kwenye mlolongo wa kina mama wenye mabeseni ya sambaza, visamaki vya ziwani, vichwani, kuna kiwanja ambacho nyumba yake iliungua na mwenyewe hajarudi mpaka leo. Hapo ndipo penye benchi. Ni ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya mawe meusi ya volkano, na ukikaa vibaya unaondoka suruali imechanika. Kahawa ni ya Mama Kigoma, aliyezaliwa ukimbizini huko Kigoma akarudi kwao na birika la shaba, jiko la makaa na Kiswahili kilichopigwa pasi. Kahawa yake ina tangawizi ya kukufanya uungame dhambi ambazo hujatenda. Vikombe ni kumi, ndoo ya kuvisuuzia ni moja, na maneno hayana idadi. Nyuma ya benchi, katikati ya kiwanja, mbali na kila ukuta na kila mgomba, kimesimama kigingi chenye kopo la maziwa ya unga juu yake. Hilo kopo ndilo lililotugombanisha, na ndilo lililotupa heshima.

Asubuhi hiyo ya Januari, mwaka wa tisini na tisa, wa kwanza kufika alikuwa Johnson. Walimwita Kampala, kwa kuwa alirudi kutoka Uganda na gunia la viatu vya mitumba, na tangu siku hiyo hajamaliza kuwaeleza watu jinsi Kampala ilivyo kubwa. Ulimi wake ni mwepesi, lakini mkono wake ni mwepesi zaidi, na ni huo mkono uliokuja kumtia aibuni. Wa pili alikuwa Karenzi, msukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba magunia sita likiteremka na linalombeba mwenyewe likimshinda. Mama yake yuko Goma, mkewe yuko Gisenyi, na yeye yuko mpakani. Ndiyo maana wakamwita Barrière, yaani Kizuizi.

Saa mbili kamili akaja wa tatu, Mzee Wellars, waliyemwita Milimita. Huyu hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo, akalishusha, akachungulia ndani, akatoa mfukoni kichupa kirefu cha kioo chenye mistari, akakirudisha bila kukitumia. Kisha akafungua daftari la shule, akaandika.

— Ngapi leo, Milimita? akauliza Johnson, akimkonyeza Karenzi.

— Sifuri.

— Na jana?

— Sifuri.

— Banange! Mwezi mzima mzee anaandika sifuri! Daftari linakwisha kwa kuandika hakuna kitu. Si ungeandika mara moja tu, "hakuna mpaka nitakapowaambia"?

— Sifuri nayo ni kipimo, akasema Mzee Wellars, akakaa. Mama Kigoma, kahawa.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku kwa miaka mitatu. Mzee Wellars alikuwa karani wa kupima mvua katika kituo kimoja cha kilimo huko juu Mudende. Vita vilipopita, kituo kilibaki kuta. Chombo cha shaba kilichokuwa kinakinga mvua kiliibwa, bila shaka leo ni sufuria ya mtu; kilichopona ni kile kichupa cha kioo, kwa sababu siku ile alikuwa nacho mfukoni. Akashuka mjini. Akazunguka soko siku tatu na kamba mkononi, akipima midomo ya makopo, mpaka akapata kopo ambalo mdomo wake ulilingana na kile chombo cha zamani. Nyumbani kwake migomba ilifunika ua wote, basi akaomba kukisimamisha kigingi chake hapa kiwanjani. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemlipa. Hata miezi ile ya tisini na saba, bunduki zikilia vilima vya Busasamana na watu wamejifungia majumbani, ukitoka baadaye ulikuta nyayo zake kwenye majivu, zimekwenda kwenye kopo na kurudi. Wengine walisema amerukwa na akili. Johnson alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mada ya siku hiyo ilikuwa viazi, maana bei yake ilikuwa inapanda na ukubwa wake unashuka.

— Viazi ya Bugeshi inaoza sababu ya volkano, akaanza Karenzi. Moshi inashuka, inalala mu mashamba. Kiazi iko sawa na mutu. Ikivuta moshi, inakohoa. Ikikohoa sana, inaoza. Wazee walisema, samaki mukunje angali mubichi.

— Methali hiyo haihusiki hapo, Karenzi, akasema Mama Kigoma.

— Inahusika, Mama. Kiazi nayo iko mbichi.

— Wewe hujui kitu, akadakia Johnson. Ni ndege! Zile ndege kubwa zinazotua Goma mchana kutwa. Zinatoboa mawingu. Wingu likitobolewa linashika maji? Yote yanamwagika Bugeshi kwa mpigo, viazi vinazama.

— Ninyi nyote mnapiga chenga, akasema Mama Kigoma, naye alipoingia mchezoni alikuwa hatari kuliko wanaume. Ni ziwa. Mmevua sambaza mno. Wale sambaza wadogo wadogo, kwa mamilioni, ndio waliokuwa wanayakandamiza maji yakae chini. Sasa ziwa limekuwa jepesi, mvuke unapanda ovyo, mvua inakuja kabla ya kuitwa.

Karenzi aliweka kikombe chini kwa heshima. Nadharia ya sambaza ilikuwa imempiga mweleka, lakini hakukubali kulala chini.

— Bon. Mi nasema mwisho. Kiazi yenyewe inaogopa. Ile myaka ya masasi ilikuwa ndani ya udongo, inasikia bunduki, kila siku, kila siku. Mutu alikimbia, kiazi ikimbie wapi? Ikaoza na woga.

Kila mmoja alitazama kikombe chake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mahali alipokimbilia, na mtu ambaye hakuweza kukimbia.

— Mmesema yote, akasema Mzee Wellars taratibu. Hakuna aliyesema ilinyesha ngapi.

Wakaangua kicheko, Johnson akipiga paja kuliko wote. Ni wakati huo huo msichana mmoja aliposimama mbele yao, viatu vimejaa vumbi jeusi la mlimani, kwapani ameshika faili nene.

— Mwaramutse, wazee wangu. Naweza kupata kahawa?

— Yego, mwanangu, kaa, akasema Mama Kigoma. Kampala, sogea. Uso wako huo umetoka msibani?

Msichana akacheka bila kutaka. Jina lake alisema ni Denyse, anamaliza masomo ya kilimo chuo kikuu huko Butare, na kweli alikuwa na msiba: utafiti wake unakufa. Alikuwa anachunguza ule ugonjwa unaochoma majani ya viazi na kuozesha mizizi. Miezi mitano amepanda na kushuka Bugeshi, Mudende na Busasamana, shamba kwa shamba, akiwauliza wakulima ugonjwa ulianza msimu gani, juma gani. Wamemwambia vizuri, maana mkulima hasahau alipopata hasara. Sasa alitaka kuonyesha ni mvua ya namna gani inayouamsha, siku ngapi mfululizo, ili mkulima ajue mapema lini apige dawa. Lakini mvua yenyewe hakuwa nayo.

— Kila ofisi nimekwenda, akasema. Huku wanasema rejista iliungua. Huku wanasema vyombo viliibwa. Huku mwenye kupima alikimbia hakurudi. Profesa wangu amenipa mpaka Ijumaa. Nikikosa mvua ya kila siku kwa miaka hii mitatu, niache mada, nianze nyingine. Na mimi vita vilishanila miaka miwili ya shule. Ufadhili unaisha mwezi wa tisa. Nikianza upya, basi tena, narudi nyumbani bila cheti.

— Pole sana, mwanangu.

— Nimechoka kuuliza maofisi. Sasa nauliza hata barabarani, akasema, akijifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Wazee wangu, ninyi mnakaa hapa. Aprili ya tisini na saba, ilinyesha siku ngapi?

Swali lilikuwa dogo hivyo tu.

— Ilinyesha mingi, akasema Karenzi.

— Ilinyesha mpaka viatu vyangu vikaota uyoga, akasema Johnson.

— Ndiyo, lakini siku ngapi?

Watu waliokuwa wameeleza volkano, ndege, ziwa na moyo wa kiazi, wote wakatazamana. Karenzi akahesabu vidole vya mkono mmoja, akarudia, akaviacha.

— Siku ishirini na mbili, akasema Mzee Wellars. Kubwa ni ya tarehe kumi na nne. Milimita hamsini na moja.

Denyse akageuka polepole.

— Mzee umejuaje?

Mzee Wellars alinyanyuka akaenda kwake, si mbali, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba, na ndani ya plastiki kulikuwa na plastiki nyingine, na ndani yake madaftari matatu. Akayaweka mapajani mwa msichana pamoja na lile la mfukoni. Yakawa manne.

Denyse alifungua la kwanza. Tarehe, saa, kipimo. Tarehe, saa, kipimo. Alifungua faili lake, akatoa ukurasa mmoja uliokunjwa, wa mwezi wa tano wa mwaka ule wa tisini na saba, alioupata kwenye shamba moja la chai. Ndiyo mvua pekee aliyokuwa nayo duniani. Akaulaza kando ya daftari, akateremka na vidole viwili, kimoja huku, kimoja kule. Siku iliyonyesha kule ilinyesha na huku. Siku kavu ilikuwa kavu. Vipimo havikuwa sawa sawa, maana mawingu hayagawi kwa mizani, lakini vilitembea pamoja kama wazee wawili wanaotoka kanisani.

— Mana yanjye! akasema msichana. Mzee, huu ndio utafiti wangu. Wote uko hapa.

Mama Kigoma alipiga kigelegele kilichowasimamisha wauza samaki barabarani. Karenzi akasimama, akavua kofia, akasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue methali ikakaa mahali pake. Mzee Wellars alitazama mawe tu, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka.

Johnson peke yake hakusimama. Alikuwa anakumbuka mwezi wa saba mwaka uliopita, kiangazi kikali, vumbi mpaka menoni. Alikuwa amewahi asubuhi, akachota maji, akayamimina koponi, akarudi kukaa kwa adabu. Mzee alipokuja, akapima, akaandika, huku mbingu ni nyeupe kabisa, walicheka mpaka Karenzi akaanguka benchini. Utani ulikuwa mtamu, basi akaurudia. Akaurudia tena. Mara saba kwa jumla. Mzee hakusema neno hata siku moja, na Johnson aliamini kwamba hajui.

— Mzee, akasema Denyse, sasa ameshika kalamu, usinichukie. Nitaulizwa mbele ya watu, na profesa wangu hana masihara. Kopo liko kiwanjani, watu wanapita. Kuna mtu mwingine amewahi kuligusa? Kuongeza maji, kumwaga, hata mara moja?

Karenzi alimkanyaga Johnson mguu.

— Nyamaza, akamnong'oneza. Kimya iko dhahabu. Ukisema, wanatupa vitabu yote ine. Unaua muzee, unaua na mutoto.

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomchoma. Akisema, kazi ya miaka mitatu ya mzee inageuka kuwa kichekesho cha mtaa, na msichana anarudi kwao mikono mitupu. Asiposema, mkulima wa Bugeshi ataambiwa apige dawa kwa mvua iliyotoka mkononi mwa Johnson. Alijiona mdogo kuliko sambaza. Akasimama.

— Ni mimi, akasema.

— Wewe nini? akauliza Mama Kigoma.

— Nilitia maji. Mwezi wa saba, mwaka jana. Mara saba. Nilikuwa nafanya mchezo, mzee wangu. Nilitaka watu wacheke. Nisamehe. Nisamehe na wewe, dada. Sikujua kama ni kitu cha maana. Mungu wangu, nilidhani ni kopo!

Denyse alifumba macho. Kalamu ilimdondoka. Mama Kigoma alikuwa ameinua mkono kumpiga Johnson kofi la Kigoma, na nadhani lingemfaa.

Mzee Wellars akanywa kahawa yake. Akaimaliza. Akakigeuza kikombe, akakiweka chini.

— Mara saba? akasema. Donc wewe umesahau kuhesabu, ama kuna wenzako. Mi niko nazo tisa.

Akachukua daftari la tatu, akalowesha kidole, akafungua, akampa msichana.

— Soma kwa nguvu, mwanangu. Wasikie.

Denyse akasoma, kwanza polepole, kisha sauti ikapanda:

— "Tarehe kumi na mbili, mwezi wa saba. Sifuri. Kumbuka: koponi mlikuwa na nne na nusu. Harufu ya tangawizi. Udongo chini kavu. Johnson anacheka." Halafu, "Tarehe kumi na tano. Sifuri. Kumbuka: koponi tatu. Tangawizi. Johnson anatazama pembeni."

— Maji ulikuwa unachota wapi, Kampala? akauliza Mzee Wellars.

— Kwenye ndoo... ya kusuuzia vikombe.

— Voilà. Bomba liko mbali, na wewe ni mvivu. Mvua ya Mungu haina tangawizi, mwanangu. Mi nilipima mvua miaka ishirini na moja. Utaniletea kahawa useme ni mawingu?

Benchi lililipuka. Lakini msichana alikuwa bado anasoma.

— "Tarehe tano, mwezi wa nane. Sifuri. Kumbuka: koponi mbili. Tangawizi. Hii ni ya Karenzi, ameacha alama ya gurudumu la chukudu."

— Aah! akasema Karenzi, akakaa ghafla, ubao ukamchana suruali.

— "Tarehe tisa, mwezi wa nane. Sifuri. Kumbuka: koponi kumi na moja..."

Mzee Wellars alikohoa. Denyse akatazama jina, akamtazama Mama Kigoma.

— Ndoo ilikuwa nzito, akasema Mama Kigoma, Kiswahili chake chote cha pasi kikiwa kimekunjamana. Kopo lilikuwa karibu. Na mimi ni binadamu!

Walicheka mpaka wauza samaki wakaweka mabeseni chini kuja kuona. Denyse alicheka huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

— Mzee, akasema alipopata pumzi, nikuambie kweli. Nilikuwa na shaka. Daftari lisilo na kosa hata moja linatia shaka. Lakini mtu aliyeandika hata siku alizodanganywa, na akaandika sifuri palepale, huyo akiniambia hamsini na moja, naamini hamsini na moja. Ijumaa naingia kwa profesa kifua mbele.

Na aliingia. Mwezi wa nane, barua ikafika: Mzee Wellars aende Butare, utafiti unatetewa mbele ya watu, na msichana anataka mwenye kopo awepo ukumbini. Mzee akapiga pasi koti. Kisha akaja kwenye benchi, akatoa kichupa cha kioo na daftari la tano, akampa Johnson.

— Mimi? akasema Johnson. Baada ya yote yale?

— Wewe ndiye unajua njia zote za kuiba mvua. Mlinzi gani atakushinda? Saa mbili kamili. Si na dakika tano.

Siku nne Johnson hakulala vizuri. Saa moja na nusu alikuwa tayari kiwanjani, anawafukuza hata ndege wasitue juu ya kopo. Mama Kigoma alipopita na ndoo, alilifunika kwa viganja vyote viwili. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Siku ya tatu Karenzi akamwambia:

— Kampala, andika hata tano. Muzee wetu iko mbele ya maprofesa, ni sherehe!

— Sifuri, akasema Johnson, na akaiandika kwa utaratibu, duara limefungwa vizuri. Sifuri nayo ni kipimo.

Asubuhi ya tano, basi likamshusha Mzee Wellars. Benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wamekaa juu ya mawe. Akaeleza: ukumbi, mameza marefu, maprofesa watano wenye miwani. Wakamuuliza msichana maswali mpaka jasho, na yote akayajibu. Mwisho mmoja, yule asiye na masihara, akauliza kwa ukali kituo hiki cha mvua kiko chini ya ofisi gani. Denyse akasema: hakiko chini ya ofisi, kiko nyuma ya benchi, na mwenyewe yule pale. Wakamwambia asimame. Akasimama. Na yule profesa akasoma mbele ya ukumbi mzima ile ya tarehe kumi na mbili, mpaka "Johnson anacheka", na watu wote wa chuo kikuu wakacheka, kisha wakasimama, wakapiga makofi, hawakunyamaza upesi. Msichana amepita kwa sifa za juu. Na wizara imeomba nakala za madaftari yote.

— Walisoma jina langu? akauliza Johnson.

— Liko kwenye kitabu, kimechapwa. Haliwezi kutoka tena.

Mama Kigoma akapiga kigelegele, Karenzi akaanza kuimba, na vikombe vyote kumi vikajazwa bure. Lakini Mzee Wellars alikuwa amesimama. Saa mbili ilikuwa inafika. Alikwenda kwenye kigingi, benchi zima likamfuata kwa macho. Akafungua daftari la tano, akaona sifuri nne, zimepangana. Akashusha kopo. Akaliinua mpaka puani, akafumba macho, akanusa.

Johnson alinyanyuka, akamsogelea.

— Bon, akasema Mzee Wellars. Safi.

Akamrudishia Johnson kopo, akampa na kalamu.

— Andika ya leo.